Mngoni, Dubu na Sufuria ya Supu

Mama mmoja wa Songea aliweka sharti moja kabla mwanawe hajazikwa Texas: nimtukane kwanza.

Mengine yote alikuwa ameyaridhia. Mkwewe na wajukuu wako Fort Worth, kwa hiyo kaburi liwe Fort Worth, wapate mahali pa kwenda siku wakimkumbuka. Yeye magoti hayamruhusu kupanda ndege, basi ataangalia maziko kwenye simu ya mjukuu mwingine, wa hukohuko Songea. Aliyasema haya taratibu, mtandao ukimkatakata, nami nikawa naitikia tu "ndiyo, mama", nikiwa nimeegesha gari pembeni ya barabara kuu ya Katy, nje kidogo ya Houston, maana habari za namna ile huwezi kuzisikiliza huku unaendesha. Halafu akauliza kama mwanawe ana mtani huko Marekani. Nikamwambia yupo, ni mimi. Akasema basi nisimwache azikwe kimya.

Mimi ni Mhehe wa Iringa, na marehemu alikuwa Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaamua kutaniana. Tangu hapo Mhehe na Mngoni hawakosani kwa neno. Yeye anaweza kuingia jikoni kwangu akala mboga ya watoto, nami naweza kuwaambia wakwe zake kwamba binti yao wamemtupa, na hakuna wa kununa. Mmoja akifa, mtani wake huja msibani amevaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anataja visa vyake vya aibu, na watu wanacheka huku wanalia. Mtu asiyesemwa na mtani amezikwa kama mgeni aliyeokotwa njiani. Hicho ndicho mama alichokiogopa, wala sikumlaumu. Mwanawe alikuwa anazikwa mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wao.

Nilikubali haraka, maana mimi ni mtu wa hasira, na watu wa hasira hukubali mambo haraka kama wanavyoyakataa. Nilipokata simu ndipo nilipoanza kuogopa. Kazi hiyo nilikuwa nimeiona utotoni ikifanywa na watu wazima, lakini mwenyewe sikuwahi kuifanya. Na kisa cha maana nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, kisa cha dubu.

Tulikutana Gulfton, pale Houston, enzi hizo sote wawili tukiwa hatuna kitu zaidi ya viza ya masomo na njaa. Majengo ya kupanga yamebanana, nguo zinaanikwa vibarazani, na ukipanda ngazi moja unasikia Kihispania, Kiarabu na Kiswahili cha Kongo kabla hujafika mlangoni kwako. Siku hiyo nilikuwa napandisha mfuko wa unga huku nagombana na kaka yangu kwenye simu, kwa Kihehe. Kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa ngazini akanisubiri nimalize, akaniuliza kwa upole kama mbwa wa yule mama wa chini bado yupo au nimeshampitia. Nikajua huyu ni Mngoni, maana ndio wanaotusema Wahehe kwamba tunakula mbwa. Nikamjibu kwamba naona Wangoni wamekimbia safari hii mpaka wamevuka bahari.

Hilo ndilo jiwe letu dhidi yao. Babu zao walitoka kusini kabisa mwa Afrika wakikimbia vita, na hawakusimama mpaka Songea. Wao hawakubali kwamba walikimbia. Wanasema walihama, tena kwa heshima, wakiwapiga watu njia nzima. Tulibishana hapo ngazini mpaka mfuko wa unga ukaniteleza ukapasuka, tukauzoa pamoja, na jioni hiyo tukausonga ugali uliokuwa na mchanga kidogo. Mwezi uliofuata tulikuwa tunakaa chumba kimoja.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Alikuwa anafanya kazi ya kupanga bidhaa dukani, mimi nasafisha korido za hospitali, na mchana tunasoma. Kulikuwa na kitanda kimoja na godoro moja la chini, na haki ya kitanda ilikwenda kwa aliyetukana vizuri zaidi siku hiyo, mwamuzi akiwa jirani yetu wa Bukavu ambaye hakujali kabisa nani kashinda. Leo nina nyumba Katy yenye vyumba ambavyo naweza kupitisha wiki bila kuviingia. Bado nikiota kwamba niko nyumbani, mara nyingi naota kile cha Gulfton.

Kilichotutesa Houston hakikuwa joto wala mitihani. Kilikuwa ubapa. Mtu wa Iringa akiamka anataka macho yake yagonge mlima, na mtu wa Songea vilevile. Pale unaangalia mpaka macho yanachoka, hakuna kinachoyazuia ila madaraja ya barabara. Mwenzangu alikuwa na mazoea ya kupanda juu ya jengo la kuegeshea magari la chuo, Jumapili, asimame tu. Nilimcheka sana kwa hilo, kisha nikawa naenda naye.

Ndipo mtu mmoja chuoni akatuambia kwamba ukipanda kaskazini, ukaipita Dallas na kuvuka mpaka kuingia Oklahoma, kuna vilima vya misitu, na vibanda vya mbao vya kupangisha. Tukachangishana, tukawa wanne: mimi na Mngoni wangu, Mtanzania mwenzetu mmoja, na Mkenya mmoja aliyekuwa na gari. Tulinunua mbuzi kwenye shamba nje ya mji, akachinjwa hapohapo, tukampakia kwenye boksi la barafu. Sufuria kubwa tuliiazima kwa mama mmoja wa kanisani, akatuonya turudi nayo. Njia nzima Mkenya alitusimulia jinsi watu wa kwao wanavyojua kuchoma nyama, na tulipofika akawa wa kwanza kuiunguza.

Mlangoni pa kibanda kulikuwa na bango lenye picha ya dubu na maelezo chini yake. Tulilisoma. Lilisema chakula kisiachwe nje. Lilisema ukikutana na dubu usikimbie, usimpe mgongo, usipande mti, maana yeye anapanda kukushinda. Inua mikono uonekane mkubwa, ongea naye kwa sauti ya chini ajue wewe ni binadamu, halafu rudi nyuma polepole na umwachie njia ya kuondokea. Tulikubaliana kwamba ni maelezo mazuri, tukaingia ndani kuweka mizigo.

Siwezi kusema tulikuwa wajinga. Simba tunamjua, chui tunamjua, fisi ndiye usiseme, na hata mtoto wa mjini kabisa anajua kuruka akiona nyoka. Lakini dubu kwetu ni mdoli. Hatuna hata hadithi moja ambayo sungura amemdanganya dubu, wala wimbo wa kumlaza mtoto wenye dubu ndani yake. Mnyama usiyekuwa na hadithi yake huwezi kumwogopa vizuri.

Tulichoma nyama jioni hiyo, tukala, na kichwa na makongoro tukayatia kwenye sufuria ya mama wa kanisani, na tangawizi, na ndimu, na pilipili za kutosha, kwa ajili ya supu ya asubuhi. Mtu aliyelala mlimani anaamkia supu, hilo halina mjadala. Ilipoiva, kibanda kilikuwa kidogo na harufu ya supu haimwachi mtu alale, kwa hiyo tuliitoa nje ngazini ipoe. Mwenzangu akaifunika, kisha akatafuta jiwe zuri, akaliweka juu ya mfuniko. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama zetu wote walifunika hivyo, Iringa, Songea na hata kwa Mkenya, na jiwe lilitosha kwa paka na lilitosha kwa mbwa wa jirani.

Asubuhi tulitoka mimi na yeye kufufua moto, wale wawili bado wamelala. Nikafungua mlango wa nyuma nikakuta ukungu. Ukungu ule wa kwetu, mzito, unaotembea chini kwa chini na kuacha vichwa vya miti. Mwenzangu alijifunga blanketi mabegani kama mzee wa Mufindi anayekwenda kunywa ulanzi, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na tusi lolote mdomoni. Tulisimama tu tukinusa. Nilitaka kulia, na nadhani yeye alikuwa ameshaanza. Kama ningeambiwa nichague asubuhi moja ya Marekani ya kurudishiwa, ningechagua hiyo, na dubu wake.

Tulizunguka kona kwenda mbele, tukasikia sufuria inakwaruza.

Jiwe lilikuwa pembeni. Halikuanguka, limewekwa pembeni, kistaarabu, na mfuniko juu yake. Dubu alikuwa ameketi chini kwa makalio kama mtu, miguu kaitandaza, sufuria ya mama wa kanisani katikati ya mapaja, na kichwa chake chote ndani. Mweusi tii. Alipokitoa, pua yake ilikuwa ya kahawia na inang'aa mafuta.

Mimi sikufanya lolote. Watu huwa wananisifu nikifika hapo, wanadhani ni ujasiri. Miguu ilikataa tu. Mngoni, yeye, alikimbia. Alikimbia blanketi likabaki hewani, likaanguka taratibu mahali alipokuwa. Mlango wa mbele ulikuwa nyuma ya dubu, na funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa Mkenya aliyelala, kwa hiyo alirudi na kona tuliyotokea, akaipita ya pili, nikasikia miguu yake nyuma ya nyumba ikipiga majani. Hofu ilimpitisha hata mlango wa nyuma tuliotokea, ikamsahaulisha kwamba kibanda kina kona nne, na anayekizunguka hurudi. Akatokea upande wa pili, mbio zilezile, akajikuta yuko karibu na dubu kuliko alipoanzia.

Hapo ndipo nusu yangu ya kisa ilipoishia siku zote. Miaka yote niliyokisimulia sikuwahi kuvuka ile kona. Nilikuwa nikifika pale nanyamaza, na watu wakicheka yeye anainua kidole na kudakia, maana nusu iliyobaki ilikuwa yake.

Kwa maelezo yake, alipomwona dubu kainua kichwa, bango lote lilimrudia akilini, na picha yake. Akasimama. Akainua mikono yote miwili. Akamwambia dubu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayepita mbele ya wazee, kwamba samahani mzee, hatukujua kama umeshafika, wewe endelea tu. Akaanza kurudi nyuma kwa upandeupande, uso ukiwa kwa dubu, macho kayashusha kidogo, mpaka akafika niliposimama mimi. Akajiweka mbele yangu. Bila kugeuka akatafuta shati langu kwa mkono wa nyuma, akalishika tumboni, akanisukuma nyuma hatua kwa hatua kama anayemrudisha ndama zizini, huku bado anaongea na dubu habari za hali ya hewa. Tukafika nyuma ya gari. Dubu alitutazama, akapiga chafya kwa sababu ya pilipili, akamaliza supu, akaenda zake msituni.

"Mtani anawasimulia mpaka pale nilipokuwa Mngoni," alikuwa akiwaambia watu. "Mimi nawasimulia nilipokuwa mtu."

Sikuwahi kuikubali nusu hiyo. Ndiyo utani ulivyo. Nilisema dubu alikuwa ameshiba, nilisema shati langu halikushikwa na mtu, nilisema yale mazungumzo ya hali ya hewa yalikuwa kilio. Naye alijibu kila neno, na kila mwaka majibu yalizidi kuwa matamu.

Maisha yakatutenganisha kama yanavyofanya. Mimi nikapata kazi ya ofisini, nikahamia Katy. Yeye akapata kazi ghalani Fort Worth, jirani na Dallas, akapanda mpaka akawa msimamizi, akaoa nesi wa Kikenya mwenye maneno machache na macho makali. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao nikamtukana mumewe mezani, yule dada aliweka kijiko chini. Alimwuliza mumewe, mbele yangu, "Huyu rafiki yako anakutusi kwa meza yako, na wewe unamwongezea chapo?" Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kule kwetu hiyo ndiyo salamu. Baadaye ikawa tukikaa sana bila kutukanana ananiuliza kwani leo dubu hayuko.

Alikuwepo, kila mara. Krismasi, mahafali, ubatizo, hata kwenye sherehe za watu tusiowajua vizuri. Mtu mmoja wa Houston akihamia Dallas, au wa Dallas akishuka Houston, aliletwa mbele yetu asikie kisa, nusu kwa nusu. Nilikuwa naendesha saa nne nzima nikipanga maneno mapya ya mbio zile. Sasa ninapoiendesha barabara ileile najikuta bado nayapanga, halafu nakumbuka.

Naye akawa mwalimu wa dubu. Ghalani kwao walikuja wakimbizi wengi kutoka Kongo, watu waliokwisha ona mambo ambayo sisi hatuyajui, na wakati wa chakula yeye alikuwa akiwafundisha namna ya kukutana na dubu. Alisimama, akainua mikono, akarudi nyuma kati ya masanduku. Aliwaeleza kwamba mweusi akikushambulia unapigana naye, unampiga puani, lakini wa kahawia unalala kifudifudi na kufunika shingo. Nilikuwepo siku moja mzee mmoja alipomsikiliza hadi mwisho, akamwuliza, "Sasa patron, uku Fort Worth iko dubu?" Mwenzangu akajibu hakuna, lakini ukijua umejua.

Nilimcheka kwa hilo, ila nilimwelewa. Mambo mengine yote ya nchi hii tulielekezwa na watu, na kila mtu alituelekeza tofauti. Namna ya kuongea na bosi, namna ya kuongea na polisi, namna ya kulea watoto wasiokujibu kwa lugha yako. Hakuna hata moja tulilokuwa na uhakika nalo. La dubu alilijua kwa mwili wake mwenyewe, kwa kukosea kwanza na kupatia baadaye, na alitaka kuwa na kitu kimoja cha kuwapa waliokuja nyuma yake.

Mabinti zake wawili walikua na nusu moja tu ya kisa. Nusu yangu niliisema kwa Kiswahili cha mbio, na utani mwingi ambao hawakuufuata. Yake aliwasimulia mwenyewe kwa Kiingereza, kitandani kwao, wakiwa wadogo. Katika kichwa cha mabinti hao baba yao hakuwahi kukimbia. Alisimama mbele ya dubu, akainua mikono, akamwokoa anko wa Houston. Alijua kwamba najua, na alikuwa akinitazama tu na kutabasamu pindi wakilitaja.

Kisha presha ikamwangusha, kazini, mchana kweupe. Niliambiwa na mkewe kwa sauti ya nesi, kwa mpangilio, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka alipofika mwisho sauti ikakatika. Siku mbili tatu zile sikuwa na machozi. Nilikuwa na hasira tu. Nilimkasirikia yeye kwa kutangulia, nikavunja sahani.

Nyumba ya Fort Worth niliikuta kama nyumba ya msiba inavyotakiwa kuwa: viatu mlangoni, kina mama jikoni, Wakongo wa ghalani wamekaa vibarazani kwa heshima. Mkewe alinipokea akiwa ameshika koti la mumewe na kofia yake pana ya Kiteksasi. Mama mkwe alikuwa amempigia naye. Akanikabidhi, akasema koti litanibana lakini niende nalo hivyohivyo.

Nikiwa nalijaribu kwenye chumba cha kufulia, binti mkubwa, yule anayesoma chuo, alinifuata akafunga mlango. Macho yamemvimba. Alisema, "Anko, mama amesema uta-joke kuhusu dad mbele ya watu. Please, usifanye hivyo. Not today."

Nilimweleza kwamba ni bibi yake ameomba. Nilimweleza habari za Wahehe na Wangoni, na kwamba kwa bibi yake kunyamaza ndiko kumtupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana amelelewa vizuri, kisha akasema kwamba bibi hayuko hapa, yeye ndiye yuko hapa. Nilimpenda yule mtoto tangu yuko mikononi, na alichokuwa akikitetea ni picha aliyopewa na baba yake mwenyewe. Upande mmoja mama mzazi ambaye mwanawe asiposemwa atakuwa amezikwa kigeni. Upande wa pili binti ambaye baba yake akisemwa atampoteza mara ya pili. Nilimwambia nitajaribu kumsema kwa upendo. Alifungua mlango akatoka.

Kwenye ukumbi wa kuagia, simu ilisimamishwa juu ya kiti mbele, ikitazama jeneza. Songea ilikuwa jioni. Mama alikuwa ameketi mkekani, khanga kichwani, wanawake wamemzunguka, na taa ya nyuma yake inawakawaka. Niliingia na koti linalobana na kofia inayoniangukia machoni, nikatembea kama alivyotembea yeye, kifua mbele, vidole vya miguu nje. Watu wachache waliguna. Wengi walitazamana.

Nikalisogelea jeneza nikamwambia kwamba naona Wangoni mmekimbia tena, na safari hii umekimbia hata zamu ya kuosha vyombo. Nikasubiri.

Hapo ndipo nilipoumia kweli, kuliko siku mkewe aliponipa habari. Tangu Gulfton nilikuwa nadhani mimi ni hodari wa kutania. Kumbe uhodari wote ulikuwa majibu yake. Tusi lilitoka, likaenda, halikurudi. Lilikaa pale ukumbini likasikika kama tusi.

Niliendelea kwa sababu mama alikuwa anatazama. Nikaingia kwenye kisa: mbuzi, sufuria, jiwe. Waliokijua walianza kulegea. Yule Mkenya wetu wa funguo, sasa mtu mzima mwenye kitambi, alianza kucheka kwenye sehemu ya nyama iliyoungua, na nilipofika kwenye blanketi lililobaki hewani alikuwa ameinamia kiti cha mbele, mabega yanamtikisika. Wakongo walicheka. Mjane alicheka, amejiziba mdomo. Binti mkubwa alikuwa anatazama sakafu. Nikamzungusha baba yake nyumba nzima, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikamtokeza upande wa dubu, na nikanyamaza.

Sikupanga kunyamaza. Yalikuwa mazoea tu. Miaka yote nilinyamaza hapo ili adakie, na mwili wangu ulikuwa haujaambiwa kwamba amekufa. Nilisimama nikilitazama jeneza, nikimngoja ainue kidole. Kicheko kikaisha, watu wakatulia, na mimi bado nangoja. Halafu machozi yakaja yote kwa pamoja, na kofia ikanianguka.

Sauti ikatoka kwenye kiti. "Akafanyaje, mtani?" mama akauliza. "Malizia."

Nikaimaliza. Nilisema nusu yake kwa mara ya kwanza maishani, kwa sauti yake, na majigambo yake yote: mikono juu, samahani mzee, habari za hali ya hewa. Nilipofika kwenye shati niliacha kumwigiza, nikasema kwa sauti yangu. Nikasema kwamba baada ya kuzunguka alikuwa na msitu mzima upande wake wa kukimbilia, na kwamba alirudi niliposimama, akajiweka kati yangu na dubu, akanishika shati tumboni akanitoa. Nikasema ilikuwa kweli, kila neno, na kwamba yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia hivyo. Nilipoinua macho nikamwona binti mkubwa amemwinamia mdogo wake, anamtafsiria kwa kunong'ona, na hakuwa ameziruka zile mbio.

Nikaigeukia simu. Picha imesimama, mama kaganda na khanga yake, nikadhani mtandao umetutupa. Kisha akasogea. Alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha mtu ambaye hakuwa amecheka kwa siku nyingi na hakutegemea.

"Ndiye huyo," akasema. "Tangu mdogo alikuwa hivyo. Anakimbia kwanza, halafu anarudi."

Alijifuta uso kwa pindo la khanga, taratibu, pande zote mbili. Wanawake waliomzunguka walikuwa wanamtazama, na sisi huku tulikuwa tunamtazama.

"Haya," akasema. "Mzikeni mwanangu."